Shusha Droni, Mwanangu, Moto Uko Mlimani

Oya wanangu wa Kabanga, kuanzia Heru Juu mpaka Makere, na nyie washkaji wa Kibondo mnaojifanya mji wenu ni Dubai, sogeeni kijiweni. Leo hatupigi stori za mpira wala za mkeka uliochanika. Kuna msala mpya unanyemelea kitaa, na wengine mmeshaushika mkononi huku mnachekelea. Nazungumzia rimoti ya droni.

Kabla hatujaenda mbali, Kabanga ninayoisema ni hii yetu ya Kasulu, yenye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu. Ile ya nikeli iko Ngara. Mtu wa Dar ukimwambia unatoka Kabanga anakuomba mchongo wa mgodini, unabaki kumtazama tu.

Sasa, kiangazi cha huku mnakijua. Ikifika Julai, majani yameshakauka, vumbi limepanda mpaka kwenye nyusi, na usiku ukitoka nje unaona mstari mwekundu unatambaa mlimani. Wapo wanaosafisha shamba kwa kiberiti, wapo wanaofukuza sungura na digidigi, wapo wanaotaka majani mapya ya ng'ombe, na wapo warina asali walioacha mwenge chini wakaondoka. Ukanda wote huu wa magharibi, Kigoma, Katavi na Tabora, miombo inaungua kila mwaka. Zamani moto ukionekana, wazee wanashika matawi na akina mama wanaanua nguo kwenye kamba kwa sababu ya masizi. Siku hizi kitu cha kwanza kinachopanda ni simu. Na pale ambapo mtu ana mkwanja kidogo, inapanda droni.

Droni imekuwa unyama, tusidanganyane. Kasulu mjini send-off isiyo na droni inaitwa kikao. Kile kidude kikipita juu ya turubai, maza anayeserebuka anaongeza spidi, MC anachanganyikiwa, bibi harusi anatazama juu kama kashukiwa na malaika. Mwenye rimoti siku hiyo ndiye mwamba: anapewa soda ya kwanza, anapewa namba za simu bila kuomba. Bei ya vile vidogo inakaribia ya bodaboda iliyotumika, kwa hiyo ukikimiliki kitaa kinakuheshimu hata kama unalala kwenye godoro la chini. Kwa hiyo simshangai dogo ambaye akiuona moto mlimani, damu inamchemka. Anaona klipu. Anaona rangi ya chungwa na nyekundu ya jua la jioni, moshi unapanda, muziki chini yake, watu wanagonga laiki mpaka Mwanza. Ile kiu naielewa kabisa. Nataka tu nikupe stori ya jamaa mmoja wa mbele aliyekuwa na kiu hiyo hiyo.

Januari 2025, Los Angeles inawaka. Ule moto wa Palisades ulianza tarehe 7, upepo unavuma kama umetumwa, maelfu ya nyumba zikageuka majivu, hadi za mastaa mnaowaona kwenye muvi. Jirani zao wa Kanada, jimbo la Quebec, walikuwa wamewaazima ndege za kuzima moto, zile za manjano na nyekundu zinazoitwa Super Scooper. Ni ndege ya ajabu hiyo. Inashuka baharini au ziwani bila kusimama, inateleza juu ya maji kwa sekunde 12 hivi, inazoa karibu lita 6,000, inapaa tena na kwenda kuyamwaga kwenye moto. Inarudi, inazoa, inamwaga. Siku nzima.

Tarehe 9, jamaa mmoja, mtu mzima wa miaka 56, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kutengeneza gemu, akapanda juu ya jengo la kuegesha magari pale Santa Monica. Akarusha kidroni chake kuelekea kwenye moto, aone tu. Kikaenda zaidi ya kilomita mbili na nusu, kikapotea machoni mwake. Kitu kisicho na robo kilo, kinaingia kwenye begi la mgongoni na nafasi ya chipsi inabaki. Kikagonga bawa la kushoto la Super Scooper mojawapo. Kikaacha tundu ambalo ngumi yako inapita.

Rubani alikuwa na bahati, akatua salama. Lakini ndege yenyewe ikawekwa pembeni kwa matengenezo, siku kadhaa, katikati ya moto mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona kule mjini. Sasa piga hesabu mwenyewe: lita 6,000 mara safari ngapi ambazo hazikwenda?

FBI wakaokota vipande, wakamfuata mpaka alipo. Jamaa akakiri kosa. Makubaliano na waendesha mashtaka yakamtaka alipe dola 65,169 za kutengeneza ndege, ambazo kwa madafu ni zaidi ya shilingi milioni 150, na afanye saa 150 za kazi za jamii kwa ajili ya waathirika wa moto. Klipu yenyewe sidhani kama kuna mtu aliiona.

Wengine mtasema hiyo ajali, kosa la bahati mbaya. Sawa, lakini zimamoto wa California walikuwa wameshachomwa mara nyingi. Julai 2015, kwenye njia ya Cajon, barabara kuu ya kutoka Los Angeles kwenda Las Vegas, moto wa nyika uliruka ukaingia barabarani, watu wakaacha magari wakatoka nduki. Ndege za maji zilikuwa tayari zimekuja. Zikakuta droni zinazunguka juu ya moto, zikalazimika kusubiri kama dakika ishirini hivi. Dakika ishirini kwa moto wenye upepo ni maisha mengine kabisa. Magari kama 20 yakateketea pale.

Kwa nini ndege kubwa iogope kidude cha plastiki? Hapa ndipo watu wanapojichanganya. Ndege ya abiria inapita juu kabisa huko, hata huioni. Ndege ya kuzima moto inashuka mita hamsini hivi kutoka kwenye miti, ndani ya moshi, pembeni ya mlima, imebeba uzito wa hatari, na rubani macho yote yako mbele. Huko chini ndiko droni yako inakoishi. Ndege zinazuiwa kugongana kwa kuambiana redioni kila moja ilipo. Droni haiongei na mtu. Ikiingia kwenye injini au kwenye mapanga ya helikopta, hatuzungumzii tundu la ngumi tena. Kwa hiyo kamanda wa moto akisikia tu tetesi kwamba kuna droni juu, anaamuru ndege zote zishuke mpaka ijulikane iko wapi. Haijalishi wewe ulikuwa umbali gani, haijalishi kama unajiita mtaalam. Umeshazima ndege zote kwa kidole gumba.

Ndiyo maana wakaitungia sheria yake kabisa. Mwaka 2016 bunge la Marekani likapitisha faini ya mpaka dola 20,000 kwa anayerusha droni ikavuruga kazi ya kuzima moto wa nyika. Mwaka 2018 wakaona faini haitoshi, wakaongeza jela, mpaka miaka miwili. California nao mwaka 2016 wakawalinda askari wa zimamoto: wakiiharibu droni yako wakati wa dharura, huwezi kuwadai. Kanada wamechora duara. Moto wa msitu ukiwaka, hakuna kurusha chochote ndani ya maili 5 za baharini kutoka ulipo, kama kilomita 9, chini ya futi 3,000. Hata kama hakuna aliyekutangazia. Moto wenyewe ndio tangazo.

Haya, namsikia mtu wa nyuma pale anacheka. "Bro, Kabanga ndege ya maji iko wapi?"

Swali fresh. Haipo. Hapa moto wa msituni kwa kawaida hauzimwi kutoka juu, unazimwa kwa miguu. Hata Kilimanjaro, mlima wa dunia nzima, ulipowaka tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, katikati ya vituo vya Mandara na Horombo, kazi kubwa ilifanywa na binadamu. TANAPA walisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Ukala kilomita za mraba 95.5. Mamia ya watu walipanda: askari wa hifadhi, wanachuo, wanakijiji wa chini ya mlima, kwa majembe, mapanga na matawi, kwenye baridi na hewa nyepesi, zaidi ya wiki. Wakati huo mitandaoni watu wanashindana nani kapiga picha kali ya mlima unaowaka usiku kutoka Moshi.

Kwa hiyo tukubaliane: ile hatari ya Los Angeles, kidude kutoboa bawa la ndege ya maji, huku kwetu bado haijafika. Lakini ukidhani basi droni juu ya moto wa Kasulu haina kosa, hujawahi kushika tawi.

Mimi nimeshika. Ilikuwa juu ya mashamba ya mihogo, upande unaopandia msituni. Mnapanga mstari, kila mtu na tawi bichi lenye majani mengi. Wageni wa kazi wanapiga moto kwa hasira kama wanaua nyoka, na cheche zinaruka zinaangukia nyuma yao. Wenyewe wanaojua hawapigi. Wanalaza tawi juu ya mwali, wanakandamiza, wanalivuta kuelekea kule kulikoungua, wanasogea hatua moja. Kandamiza, vuta, sogea. Mtu wa kulia kwako akisimama, wewe unaungua, kwa sababu mstari unashikana. Mwingine nyuma ana jembe, anakwangua udongo, anafukia visiki. Hamuongei sana. Mnasikilizana kwa kikohozi.

Ndipo kikaja kile kisauti. Vuuuu. Kidroni kinatokea bondeni, kinasimama juu yetu, kinateremka kidogo kitupate sura. Na binadamu ni binadamu. Vichwa vyote vikanyanyuka. Dogo mmoja pembeni yangu akaacha tawi, akanyoosha vidole viwili, akafunga uso kimasela kabisa. Sekunde chache tu. Moto hauna habari za klipu, ukapita pale alipokuwa amesimama, ukashika majani marefu ya juu, na kuanzia hapo tukawa tunaukimbiza. Ulikwenda kukuta mizinga ya nyuki imening'inia kwenye miti, ile ya magogo. Mzee mwenye mizinga hakumtukana mtu. Jamaa wa droni alipokuja kutuonyesha video, mzee akaitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hicho kidude kinabeba maji?"

Kimya. Mwenye droni akajifanya anatafuta mtandao.

Kwa hiyo kuvuruga uzimaji siyo mpaka uangushe ndege. Huku kwetu unaangusha mstari wa watu. Halafu kuna watoto, hao ndio noma kuliko wote: droni ikipaa tu wanaikimbilia kijiji kizima, na wewe umeipeleka kwenye moto. Halafu kuna betri. Zile betri za lithiamu zikipasuka zinawaka zenyewe, na huzizimi kwa kupuliza. Machi 2018 huko Arizona droni moja ilitua kwenye majani makavu ikashika moto, msitu wa Coconino ukaungua ekari 335. Yaani mtu katoka kwao hakuna moto, karudi kauacha. Majani ya Arizona na majani ya Makere mwezi wa nane hayana tofauti kubwa, niamini.

Tugeukie sheria za hapa nyumbani, maana wengi mnarusha kwa imani tu. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu 2018, na msimamizi ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwanza droni inasajiliwa. Pili, unahitaji kibali cha kuirusha, na Wizara ya Ulinzi lazima iwe imekuidhinisha. Ukija nayo kutoka nje bila karatasi, inabaki kwa watu wa forodha uwanjani, waulize watalii waliolia pale Dar. Kwenye hifadhi za taifa, hairuki bila ruhusa ya TANAPA. Hata ukiwa na kibali, unatakiwa uione kwa macho yako muda wote, usipande zaidi ya futi 400, ukae mbali na viwanja vya ndege na usiipitishe juu ya umati. Sasa jiulize kuhusu ile send-off. Nimenyamaza.

Na ramani yetu haituruhusu utani. Burundi iko hapo, ukikohoa wanasikia. Nyarugusu ina wakimbizi tangu 1996, Nduta iko Kibondo. Viwanja vidogo vya Kasulu na Kibondo ndege za mashirika ya wakimbizi zimewahi kutua. Sasa wewe droni yako inafuata moto, upepo unaisukuma, moshi umekuziba, mara iko juu ya kambi au imevuka mpaka. Njagu wakikufuata hawatakuuliza umepata laiki ngapi. Hapo hakuna "afande nilikuwa narekodi maua". Na dingi ndiye atakayeuza mbuzi kukufuatilia kituoni.

Hapa nitawachana na wakubwa pia, kwa sababu lawama siyo ya dogo peke yake. Hizi karatasi za kurushia droni zinaamuliwa Dar, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kabanga. Kampuni ya Masaki yenye mwanasheria wake inazipata. Mpiga picha wa Kasulu, ambaye amejifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anaona bora arushe kimyakimya. Matokeo yake vijana wenye ujuzi wanaishi kwa kujificha, na mtu anayejificha huwezi kumpigia simu siku ya moto ukamwambia "mwanangu, shusha". Wala huwezi kumwambia "mwanangu, njoo utusaidie". Hilo la pili ndilo linaniuma kuliko yote.

Kwa sababu droni yenyewe haina dhambi. Wale wale Wamarekani wenye faini na jela, zimamoto wao wanarusha droni zao usiku kutafuta joto lililofichika chini ya majivu. Tofauti ni moja: zinarushwa na mtu aliye chini ya kamanda wa moto, na kamanda anajua kila kitu kilicho angani. Na Watanzania tusijidharau, sisi hatuanzi leo. Zanzibar tangu 2016 walichora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walikuwemo kazini. Mwaka 2018 droni ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, ikitokea Mwanza. Huku kwetu magharibi, bonde la Issa, watafiti wameitumia kuhesabu viota vya sokwe kutoka juu ya miti. Na jirani zetu Rwanda wanasafirisha damu ya hospitali kwa ndege zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, imekuwa jambo la kawaida kama basi la asubuhi. Anga ya kwetu siyo tupu kama mnavyodhani.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu huu, na mwenye kumaindi amaindi. Moto ukiwaka, droni zote za kitaa zikae chini. Zote. Hata ya shemeji. Isipokuwa ile moja ambayo uongozi wa kijiji, watu wa misitu wa TFS au zimamoto wameiita wenyewe, mwenye nayo ana kibali, na picha zinakwenda kwa anayeongoza mstari kabla ya kwenda TikTok. Halmashauri zetu za Kasulu na Kibondo zinaweza kuliweka hilo kwenye sheria ndogo. Vijiji tayari vina sheria ndogo za moto na kamati za mazingira. Ongezeni mstari mmoja, ubandikwe pale ofisi ya mtendaji, usomwe kwenye mkutano. Na TCAA wakija Kigoma hata mara moja kwa mwaka kusajili vijana, nusu ya huu usiri inakufa.

Na ukiwa unataka kuwa shujaa wa moto bila kurusha chochote, mchongo upo na ni wa bure. NASA wana ukurasa unaitwa FIRMS. Setilaiti zinapita juu, zinasoma joto, na ndani ya saa tatu hivi doa jekundu linatokea kwenye ramani. Kimoja cha vifaa vyao kinaona moto kwa vipande vya mita 375. Bando la jero linatosha. Huko Kigoma vijijini Taasisi ya Jane Goodall iliwafundisha walinzi wa misitu wa vijiji kurekodi uharibifu kwa simu za kawaida za Android, taasisi ya mama yule aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, na mimi naamini simu mkononi mwa mwanakijiji inalinda msitu kuliko semina hotelini. Dogo anayejua kusoma ile ramani akamwambia mtendaji "moto umeanza upande wa kule, upepo unakuja huku", huyo amefanya kazi kuliko klipu kumi.

Kitu kingine ambacho hatukisemi kwa sauti: wenye moto tunawajua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma ovyo bila kibali, siyo mapambo ya vitabuni. Lakini kijiweni tunamcheka mwenye droni, halafu mjomba aliyewasha kiberiti saa nane mchana upepo ukivuma tunamnunulia kahawa. Anachomaje shamba Agosti, mtu mzima? Uchomaji wa mapema una wakati wake, majani yakiwa bado na ubichi kidogo, asubuhi au jioni, barabara ya moto imeshakwanguliwa pembeni na watu wamesimama na maji na matawi. Hiyo ni kazi ya kikundi, siyo ya mtu mmoja na kiberiti mfukoni. Warina asali wa Kibondo wanalijua hilo vizuri, maana moto ukipita mzinga unabaki mkaa, na asali ndiyo ada ya watoto.

Sitaki mtu atoke hapa akasema nimepiga marufuku droni. Harusi zenu rusheni, mkiwa na kibali, na mzee wa ukoo asije akagongwa kichwani. Pigeni picha migomba, ukungu wa asubuhi, barabara ya vumbi jekundu inayopanda kwenda Heru Juu, dunia ione kwamba Kigoma siyo migebuka na mawese peke yake. Ila siku ukiona moshi unapanda mlimani, toa betri, iweke droni kwenye begi, begi mpe sista alinde. Piga 114, hiyo ni namba ya zimamoto na ni bure, hata kama wako mbali, taarifa ifike. Mpigie na mtendaji. Kisha kata tawi bichi lenye majani mengi, vaa viatu vya kufunika vidole, uje usimame kwenye mstari upande wangu wa kulia. Na ukimuona mwingine anarusha, usimpige wala usiivunje droni yake. Mfuate alipo, mwambie kwa heshima aishushe, na akikuzingua mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.